Mwaka Niliokaa Mombasa Bila Kufika

Nilishinda mdahalo kwa sababu ya mbuzi.

Mwalimu wetu wa historia, mtu mrefu anayevaa soksi zisizofanana makusudi ili tumwone mchangamfu, alituandikia hoja ubaoni: katiba ya nchi ya kubuni ibadilishwe, ili kuzaliwa nchini pekee kusimfanye mtoto kuwa raia. Akaeleza kwamba ziko nchi ambazo mtoto akishatoa kilio cha kwanza ndani ya mipaka yake basi ni wao, hata kama mama yake alikuwa anapita tu. Akasema majirani zetu wa Ayalandi walikuwa hivyo, mpaka walipopiga kura wakaibadilisha katiba yao. Kisha akaanza habari ya Uingereza, ambayo haina katiba ya kitabu kimoja cha kufungua na kufunga, na hapo nikaacha kusikiliza. Nilikuwa namchorea masharubu malkia mmoja wa kale kwenye kitabu cha shule, na kazi ile ilitaka utulivu.

Kura ikanitupa upande wa kuunga mkono. Haikunisumbua. Mimi sina upande, nina mdomo.

Upande wa pili alisimama msichana mwenye bidii, wa kalamu za rangi nne. Alizungumza kwa sauti ya kutetemeka juu ya watoto wasiojua nchi nyingine yoyote, wanaoamka siku moja na kuambiwa kwamba kitanda walichozaliwa juu yake si chao. Ilikuwa hotuba nzuri. Nikainuka, nikakohoa kidogo kama mbunge, nikasema:

"Mabibi na mabwana, mbuzi akizalia uwanja wa ndege, kitoto chake hakiwi rubani."

Niliisema kwa Kiingereza, lakini ilikuwa imepikwa kwa Kiswahili, ndiyo maana ilikuwa na chumvi. Darasa liliangua kicheko hadi mwalimu akageukia ubao kuficha meno. Baada ya hapo ningeweza kusoma tangazo la dawa ya panya nikashinda. Mikono ikahesabiwa, katiba ikabadilishwa, na watoto wa nchi nzima ambayo haipo wakapoteza uraia kabla ya chakula cha mchana.

Nilifika nyumbani nikiwa na njaa ya kusifiwa. Kwetu ni Harrow, Landani, ghorofani, mimi na mama peke yetu. Mama anawatunza wazee majumbani mwao. Akiwa na sare ya kazi anakisikia Kiingereza vizuri kuliko mfalme, ila akishavaa kanga masikio yanafunga, na ukimwambia jambo kwa Kiingereza anaangalia ukutani kana kwamba redio ya jirani ndiyo iliyosema. Kwa hiyo nilimrudia mdahalo wote kwa Kiswahili, nikiwa nimesimama juu ya stuli, naye akikoroga mchuzi wa samaki.

Alizicheka soksi za mwalimu. Aliyacheka masharubu ya malkia, ingawa aliniambia nikayafute. Nilipofika kwa mbuzi, akapunguza moto.

"Rudia hapo."

"Mbuzi akizalia uwanja wa ndege, kitoto chake hakiwi rubani."

"Na wenzio wakacheka?"

"Walikufa, mama. Walizikwa."

Akafunika sufuria. "Haya, shuka kwenye stuli, ukae. Mbuzi mwenyewe ni mimi. Na wewe ndiwe uliyezaliwa uwanjani."

Nilidhani ni mzaha wake, maana mdomo nimeurithi kwake. Kumbe sivyo. Alikuja Landani kusoma, akiwa msichana. Ruhusa yake ya kukaa ilikwisha wakati mimi niko tumboni, na baba yangu alikuwa amesharudi Tanga akaoa, habari yake haimo humu. Nilizaliwa katika hospitali iliyo mwendo wa basi moja kutoka kwetu. Na hapa Uingereza, akasema mama, hilo halitoshi tangu zamani. Lazima mzazi mmoja awe raia, au awe na ruhusa ya kukaa moja kwa moja. Yeye hakuwa na chochote. Baadaye sana alipata ruhusa ya muda kwa ajili yetu wawili, ile ya kuomba tena kila inapokwisha, na kila anapoomba hupungua kilo.

"Kwa hivyo mimi si Mwingereza?"

"Si Mwingereza, mwanangu."

"Lakini mimi nalalamikia mvua! Mimi nimewahi kuuomba radhi mlango!"

"Mlango hautoi pasipoti."

Mambo mengi yakajipanga kichwani mwangu kwa mara ya kwanza. Safari ya shule ya Ufaransa, kwa mfano. Miaka yote mama aliwaambia walimu kwamba natapika vibaya kwenye vyombo vya majini. Nimeonewa huruma na shule nzima kwa kichefuchefu ambacho sijawahi kukipata. Na hilo lilikuwa dogo. Mwaka unaofuata nilikuwa niombe chuo kikuu, na bila uraia ningehesabiwa mgeni, kwa ada ya wageni. Na siku yoyote ruhusa ile ikikataliwa, ningeambiwa nirudi nyumbani, nami nyumbani nilikuwa nimeshafika, nangoja samaki.

"Na hakuna njia?"

"Ipo," akasema mama, akitazama sufuria badala yangu. "Mtoto aliyezaliwa hapa akaishi hapa miaka yake kumi ya mwanzo bila kutoka, sheria inamfungulia mlango."

"Si basi! Mbona hatujaenda?"

Hakujibu. Mama yangu ni mtu wa kujibu. Nikajua kuna jambo.

Wiki ile ile nilimburuta hadi maktaba ya mtaa, ambako wanasheria huja mara moja kwa wiki kuwasaidia watu bure. Tulimpata dada mmoja mwenye kikombe cha kahawa iliyopoa, na uso wa mtu aliyesikia yote lakini bado anasikiliza. Akasema kwamba mama yuko sahihi, njia ipo, tena ni haki yangu, si hisani. Kinachotakiwa ni ushahidi wa kila mwaka katika ile kumi. Mama akatoa mfuko wa plastiki uliojaa karatasi: za kliniki ya watoto wachanga, za shule tangu nilipoanza. Dada akazipanga mezani kama mtu anayecheza karata. Kukabaki pengo moja, mwaka wangu wa nne, tulipohamia chumba kilicho juu ya duka na mama akiishi kwa kujificha, hana hata daktari aliyejiandikisha kwake.

"Mwaka huu ulikuwa wapi?" dada akaniuliza mimi, kwa upole.

Nami, mwenye kupenda kusaidia, nikamjibu kwa uchangamfu: "Huo nilikuwa Mombasa. Nilikaa kwa bibi mwaka mzima."

Kalamu ya dada ikasimama. Mguu wa mama ukanipata kwenye muundi chini ya meza.

"Hajawahi kwenda," mama akasema.

"Nimekwenda! Nakumbuka! Kulikuwa na kuku aliyekuwa anapanda juu ya kitanda cha bibi, na ukuta wa rangi ya buluu, na—"

"Hajawahi," mama akasema tena, na macho yake yalikuwa na maji.

Dada akaweka kalamu chini. Akatuambia tuzungumze kwanza sisi wenyewe, kisha turudi, lakini turudi na jambo moja, na liwe la kweli. Mtoto aliyeondoka mwaka mzima, mlango wenyewe unakuwa mwembamba sana. Na kama hakuondoka, tutafute mtu au kitu cha kusema kwamba alikuwa hapa.

Mama alinieleza yote kwenye ngazi za maktaba, watu wakitupita na vitabu vyao.

Ili uelewe, lazima umjue Mama Mkubwa. Si ndugu yetu wa damu. Ni muuguzi mstaafu kutoka Mombasa, raia wa Uingereza tangu enzi na enzi, anayekaa Southall. Ndiye aliyempokea mama alipofika, na ndiye mtu wa pili kunibeba duniani. Kila Jumamosi wanawake wa pwani hukusanyika kwake, wanakaanga bajia na kukaanga watu. Na katika kikao kile kulikuwa na desturi isiyovunjwa: mtoto akifika miaka mitatu, minne, apelekwe nyumbani kwa bibi yake. Mama apate kufanya kazi mbili, mtoto apate adabu na Kiswahili na sura za kusalia, arudi akiwa anaamkia watu kama mzee wa mtaa. Wote walipeleka wao. Zamu ya mama ilipofika, kila Jumamosi ikawa, "Wangoja nini? Mpeleke." Mama hangeweza. Mimi nikitoka, nisingerudi. Na hangeweza kusema kwa nini, maana hakuna aliyejua kwamba hana karatasi.

Basi Jumamosi moja akasema, "Nimeshampeleka."

Lilikuwa neno la kuvukia Jumamosi ile tu. Likaishi mwaka. Nilitolewa kwenye vikao, nikawa nashinda kwa bibi mmoja wa Kihindi aliyekaa nyuma ya duka, mzaliwa wa Kisumu, aliyekuwa akiniita, "Toto, kuja kula." Huyo ndiye angekuwa shahidi wetu, lakini amekufa, Mungu amweke pema. Wakati huohuo, kule Southall, Mama Mkubwa alikuwa akinikumbuka. Kila mtu anayesafiri alipewa mfuko: gauni la mtoto, pipi, viatu vile vya kuwaka taa ukikanyaga. Vyote vilifika kwa bibi Mombasa, na bibi, aliyekuwa ameshaelezwa kwa simu, alivipokea kwa shukrani na kuvigawa kwa wenye miguu inayoingia.

Halafu Mama Mkubwa mwenyewe akaenda Mombasa kwenye harusi. Akapita kwa bibi kunisalimia.

"Ikawaje?" nikauliza.

"Bibi yako ana wajukuu wengi," mama akasema. "Akamtolea mmoja."

Picha waliyopigwa siku ile naijua. Iko kwenye ukuta wa Mama Mkubwa, kwenye fremu ya dhahabu bandia: yeye amekaa kwenye kiti cha bibi, mapajani kuna mtoto mwenye gauni la njano, viatu vya taa, na baka jeusi kwenye shavu. Nimepita chini ya picha ile maisha yangu yote nikijua kwamba yule ni mimi. Baka nililielezwa pia. Mama Mkubwa humwambia kila mgeni: "Jua la Mombasa lilimtoa baka hapa, mwaona? Karudi Landani, baridi ikalifuta lote." Kuna mtoto wa watu mwenye baka pale Southall aliyesimamishwa nje kila Januari kwa ushauri huo.

"Na yule kuku?" nikamwuliza mama. "Na ukuta wa buluu?"

"Ulisimuliwa. Waliporudi watoto wengine walikuwa wakisimulia, nawe ukachukua na kuku. Nami nikakuacha. Mtoto hana kifua, ungesema."

Sijui kama umewahi kunyang'anywa kuku usiyekuwa naye. Nilikuwa na nchi mbili asubuhi ya mdahalo. Kufikia ngazi zile za maktaba, ya kuzaliwa ilikuwa imesema si yangu, na ya kukumbuka ilikuwa ya binamu yangu. Nilicheka. Mama akafikiri nalia, akanishika mkono, nikamwacha aushike.

"Twende kwa Mama Mkubwa," nikasema.

"Ataniua."

"Akikuua utakuwa umeshasema."

Jumamosi tulipanda basi mapema, kabla wanawake wengine hawajafika. Southall ilikuwa imeamka zamani, maduka yamemwaga mboga hadi njiani, na mama alikuwa akitembea kama mtu anayekwenda kung'olewa jino. Mama Mkubwa alitufungulia na mikono ya unga wa dengu.

"Shikamoo, Mama Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mmekuja na nyuso za msiba? Ingieni, mafuta yangu yanawaka."

Mama alianza kwa mbali, kwa njia ya barabara ya mzunguko. Akamweleza kwamba naomba uraia, na kwamba panatakiwa mtu aliyenijua tangu kuzaliwa, aandike. Mama Mkubwa akaruka kwa furaha na mikono yake ya unga.

"Nitaandika! Nani mwingine aandike? Nitaandika jinsi nilivyombeba siku ya kwanza, na shule, na homa zake, yote. Mwaka ule wa Mombasa tu ndio nitasema hakuwapo."

"Mwaka huo usiuseme," mama akasema kwa sauti ndogo.

"Nisiuseme vipi? Mimi mwenyewe nilimwona kule kwa macho haya! Nataka kesho nikaulizwe na Mola wangu kwa nini nimetia saini uongo? Siwezi, mdogo wangu. Nakupenda, lakini siwezi."

Hapo ndipo mambo yote yalipokuwa yamesimama. Mwanamke mmoja mkweli, kijiko cha mafuta mkononi, na maisha yangu yote ya mbele yakingoja upande mwingine wa jiko lake. Nilimtazama mama. Nilitamani kufanya mzaha, na kwa mara ya kwanza sikuupata.

"Si yeye uliyemwona," mama akasema. "Hajawahi kutoka hapa. Sikuwa na karatasi, dada. Miaka ile yote, sikuwa na karatasi."

Bajia zikaanza kuungua. Hakuna aliyezigeuza. Nikaenda nikazima moto mwenyewe.

"Yaani mimi," Mama Mkubwa akasema polepole, "nilimpakata nani?"

Akatoka hadi ukutani, akaing'oa picha, akarudi nayo. Akaniweka dirishani, akanigeuza shavu kama daktari wa ngozi. Aliangalia picha, akaniangalia mimi, akaangalia picha. Nikaona anashindana na miaka yake mingi ya kusimulia lile baka.

"Baridi ililifuta," akasema, lakini bila nguvu.

"Mama Mkubwa, tumpigie bibi simu," nikasema.

Bibi alipokea simu ya video akiwa ameielekeza dari ya chumba chake, kama kawaida. Kwa hiyo tulianza kwa kuzungumza na balbu. Mama akamwambia kwamba mambo yamefichuka, na balbu ikanyamaza. Kisha uso wa bibi ukaingia, mkavu kabisa, hauna hata chembe ya aibu.

"Bi mkubwa," Mama Mkubwa akamwambia, "mtoto uliyenipa alikuwa nani?"

"Mjukuu wangu," bibi akasema. "Nilikupa mjukuu wangu. Uliposema kafanana na babake nilikuitikia, maana kafanana na babake kweli. Ulikuwa umetoka mbali, umebeba zawadi. Ningekurudisha mikono mitupu?"

Akaita nje. Akaingia binamu yangu, msichana wa umri wangu, akitafuna kitu. Akaambiwa aigeuze simu shavuni. Baka lilikuwa palepale, limekua naye, jeusi, na lenye umbo la korosho.

Mama Mkubwa akaiinua picha, akaiweka karibu na simu. Korosho ndogo, korosho kubwa.

"Shikamoo, Mama Mkubwa," binamu akasema, mdomo umejaa. "Vile viatu vya taa vilinibana sana. Lakini pipi nilikula zote."

Mama Mkubwa akatoa sauti ambayo nilidhani ni ya kukasirika. Mabega yakamtikisika, akashikilia meza, na kumbe ni kicheko, kile cha kukosa pumzi. "Na mtoto wa watu," akasema akipangusa macho, "na mtoto wa watu nimemsimamisha nje kwenye theluji!" Bibi akacheka kule, balbu ikarudi, binamu akacheka, mimi nikawa nimekaa chini kwenye zulia. Mama peke yake hakucheka. Alikuwa akingoja.

Simu ilipokatwa, Mama Mkubwa akamgeukia. "Miaka yote hii. Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Ulikuwa ukisema wasio na karatasi wanatuharibia jina," mama akasema. "Ulikuwa ukisema wanakuja kuzaa hapa ili wapate kung'ang'ania. Hapa hapa, ukikaanga. Nami nimekaa pale, mtoto tumboni."

Mama Mkubwa alikaa. Kiti kililia.

"Nilisema hivyo?"

"Kila mtu alisema. Wewe ulisema kwa sauti."

Mimi mwenyewe nilikuwa nimesema kitu cha namna hiyo mbele ya darasa, tena nikapigiwa makofi. Mama Mkubwa aliutazama unga mikononi mwake kwa muda, kisha akamvuta mama kichwa, akakiweka begani kwake, na kanga ya mama ikajaa dengu. Waliongea maneno ambayo sikuyasikia, nami kwa adabu nikala bajia zilizoungua.

Alipomwachia, sura ilikuwa imebadilika. Ilikuwa ya muuguzi sasa, ile ya wodini.

"Ngoja. Mwaka ule ulinipigia simu ukaniuliza juu ya mtoto wa jirani. Ana tetekuwanga, homa haishuki, macho yamefumba."

"Ndiyo," mama akasema.

"Nikakwambia usikae naye, mkimbizeni hospitali."

"Ndiyo."

"Jirani gani alikuwa na mtoto?"

Mama akainamisha kichwa kuelekea kwangu. Mama Mkubwa akapiga makofi hewani.

"Na ulimpeleka?"

"Nilimpeleka. Tulikaa hadi asubuhi."

"Ukawapa jina lake la kweli?"

"Nilikuwa na hofu hadi nikasahau kudanganya."

"Basi wameandika!" Mama Mkubwa akasimama. "Hospitali haitupilii mbali habari za mtoto, zinakaa mpaka amekuwa mtu mzima. Nimefanya kazi humo maisha yangu yote, wee mwanamke! Umelala juu ya mwaka wako huku wautafuta!"

Mama alikuwa hajawahi kuwaza kuwauliza. Kwake, usiku ule ulikuwa usiku wa kutoka salama bila kukamatwa, na mtu aliyetoka salama mahali harudi kuuliza kama walimwona. Tuliomba, na wakatupatia: jina langu, umri wangu, tetekuwanga, na maneno kwamba mtoto alimng'ata muuguzi. Dada wa maktaba alipofika kwenye mstari huo aliniangalia. Nikamwambia hiyo ndiyo inayothibitisha kwamba ni mimi.

Mama Mkubwa naye aliandika. Aliandika ukweli wote, hata wa kwamba alidanganywa, na picha akaipeleka. Kikao cha Jumamosi kiliambiwa kabla ya wiki kwisha, na yeye mwenyewe ndiye aliyesimulia, kwa vitendo, huku akicheza sehemu ya bibi, ya simu, na ya balbu. Nilidhani mama atajifunika uso. Kumbe wanawake wawili walitazamana, na mmoja akasema mtoto wake naye hajawahi kufika Zanzibar.

Tukangoja. Kungoja huko kulikuwa kurefu, na nilijaribu kufanya mizaha, ikawa inaanguka. Shuleni ikaja duru nyingine ya mdahalo, hoja ileile, na safari hii kura ikanitupa upande wa kupinga. Nikashindwa vibaya. Hoja zangu zilikuwa za kweli mno, hazikuchekesha. Msichana wa kalamu nne, ambaye sasa alikuwa upande wa kuunga mkono, alikuja baadaye akaniuliza kama niko sawa. Nikamwambia niko sawa, nina kichefuchefu tu cha baharini.

Dada wa maktaba alipiga simu wakati niko kwenye foleni ya chakula. Akasema, "Umekubaliwa." Nilimwambia asante kama mara tano, nikaiacha trei pale, nikaenda chooni nikajifungia, nikakaa juu ya kifuniko nikipumua tu. Hewa ilikuwa nyingi kuliko nilivyoizoea. Kisha nikampigia mama, nikasema neno moja, naye akaniambia nilirudie, nikalirudia, akaniambia nimwambie polepole, nikamwambia polepole. Nyuma yake nilimsikia yule mzee anayemtunza akiuliza chai yake iko wapi. Mama akamjibu, kwa Kiswahili, akiwa na sare: "Ngoja, baba."

Mama yeye bado. Ruhusa yake ni ileile ya kuomba tena. Lakini jambo fulani limeachia ndani yake, na mimi ndiye ninayepata shida. Mama yangu alikuwa mwanamke mpole kuliko wote Harrow. Ukimkanyaga, yeye ndiye huomba radhi. Mlango wa basi ukifungwa usoni mwake, humwambia dereva asante. Nilidhani ni tabia. Jumamosi iliyopita tulikuwa dukani kununua samaki, foleni ndefu, na bwana mmoja mwenye koti zuri akapita pembeni akajichomeka mbele yetu.

"Samahani," mama akamwambia. "Mwisho wa foleni uko kule."

Bwana akatabasamu, akasema ana haraka.

"Sisi pia tuna haraka," mama akasema, na sauti ikapanda hadi muuza samaki akainua kisu akisikiliza. "Huyu ni raia wa nchi hii, na amefika kabla yako."

Nilitamani sakafu inimeze pamoja na samaki wote. Yule bwana alikwenda nyuma, masikio mekundu. Mama akanunua changu wawili wakubwa, akawachagua kwa kuwafunua mashavu mmoja mmoja bila haraka yoyote, huku anacheka.